Ratili Mia Tatu za Twila Hruska

Mwanzoni mwa Juni Leland Hruska alitoa mizani ya bafuni akaiweka katikati ya korido, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichovuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila kupimwa. Sufuria zilipimwa. Pasi ilipimwa. Mashine ya kushonea, albamu za picha, Biblia ya Kicheki aliyoiacha bibi yake mzaa baba, hata mto wa kulalia. Kila kitu kilibandikwa kipande cha karatasi ya gundi chenye tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu nene. Leland alikuwa amesimama miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ya duka la vipuri vya matrekta, na alipenda tarakimu kuliko watu, kwa sababu tarakimu hazikuwahi kumjibu.

"Ratili mia tatu zako, ratili mia tatu zangu," alimwambia mkewe. "Trela ina kikomo chake. Tukizidisha, ekseli inakatika barabarani, tunakufa wote wawili huko Kansas."

"Na za Renae?" Twila aliuliza.

Leland aliinama akaisoma mizani kana kwamba kulikuwa na kitu juu yake. Hakukuwa na kitu.

"Za Renae zitoke kwenye zako."

Twila alimpa mgongo. Alikwenda jikoni akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Ndivyo alivyokuwa. Akikasirika, mikono yake ilitafuta kazi, na miaka ishirini na minne ya kupika katika jiko la shule ya mji wao wa Tolliver ilikuwa imeifundisha mikono hiyo kufanya kazi bila kumsubiri mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka sitini. Alizaliwa maili kumi na moja kutoka mjini, katika shamba la mahindi ambalo baba yake alilipoteza kwa madeni mwaka themanini na tano, wakati wakulima wengi wa jimbo la Nebraska walipopoteza yao. Siku ya mnada Twila alisimama mlangoni mwa banda akatazama majirani waliokula Krismasi mezani kwao wakinyanyua mikono kununua jembe la baba yake, ng'ombe wa baba yake, na kiti cha baba yake. Mama mmoja alinunua kabati la vyombo likiwa bado na vyombo ndani. Mwaka uliofuata aliolewa na Leland, kwa kuwa Leland alikuwa na kazi ya mshahara na nyumba ya mbao nyeupe katika Barabara ya Tatu, na akajiambia kwamba hatatoka katika nyumba hiyo ila kwa jeneza.

Leland alijua hayo yote. Alipostaafu majira ya kuchipua, akaja na vitabu vya picha za trela, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, na habari za watu waliouza nyumba zao wakazunguka nchi nzima wakifuata jua, alijua hasa anamwomba nini.

"Theluji nimeikwangua mlangoni miaka thelathini na mitatu," alisema. "Inatosha. Nataka Januari nikae nje nimevaa kaptula."

"Vaa kaptula hapa."

"Twila, sitanii."

"Nami sitanii. Ukivaa kaptula Januari hapa, utaacha kusumbua watu mapema zaidi."

Sababu ya kaptula ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Nyingine ilikuwa Renae, binti yao wa pekee, mwenye miaka ishirini na tisa. Renae alikuwa msaidizi wa wauguzi hadi alipoumia mgongo akimnyanyua mgonjwa. Akapewa vidonge vya maumivu. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Katika miaka mitano alikuwa amerudi nyumbani mara nne, na kila alipoondoka kulikuwa na kitu kilichoondoka naye. Mara ya mwisho ilikuwa bunduki ya marehemu baba yake Leland, ile ya kuwindia kwale. Leland aliitafuta katika maduka yote ya rehani hadi Omaha. Hakuipata. Tangu hapo hakulitaja jina la binti yake. Alisema "yule".

Sasa yule alikuwa katika kituo cha matibabu mjini Lincoln, mwezi wa saba bila kidonge, na angetoka tarehe kumi na nne Oktoba. Mama mshauri wa kituo alimpigia Twila simu na kumweleza waziwazi: hawamruhusu mtu kutoka kwenda mitaani. Sharti kuwe na anwani, kuwe na mtu mzima asiyekunywa, kuwe na kitanda. Kama hakuna, Renae angepelekwa hosteli ya mjini, pamoja na wengine waliotoka juzi na wanaojua kila kona inakouzwa dawa.

"Una kitanda, mama?" mshauri aliuliza.

"Ninacho," Twila alijibu.

Na katika jimbo lile nyumba ya wanandoa haiuzwi kwa sahihi ya mmoja. Leland angeweza kupima kila kijiko, lakini bila mkono wa Twila kwenye karatasi asingeuza hata ngazi ya mlangoni. Twila alikuwa amekaa na jambo hilo wiki tatu za Mei bila kulisema. Kisha akamwekea mumewe kahawa mezani.

"Nitasaini," alisema. "Ila trela iwe na vitanda vya ghorofa nyuma. Chumba chake kidogo, na mlango wake."

Leland alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Muda gani?"

"Hadi asimame."

"Hajawahi kusimama."

"Leland."

"Haya. Vitanda vya ghorofa. Naapa."

Akanunua trela yenye vitanda vya ghorofa, kweli. Ilikuwa ya mtu wa mji wa Kearney aliyekuwa na watoto wanne, na juu ya kitanda cha chini mtoto mmoja alikuwa amebandika nyota za karatasi. Twila alizitazama, akatandika shuka. Akaweka pale maboksi mawili ya nguo za Renae, akapunguza kwenye ratili zake: mashine ya kushonea ikaachwa, albamu zikachukuliwa mbili kati ya tisa. Hakuumia sana. Kilichomwumiza ni kwamba vifaa vya Leland, spana na drili na msumeno, havikuwahi kukanyaga mizani. "Hivyo ni vya trela yenyewe," Leland alisema. "Havihesabiwi kwangu."

Agosti wakafanya mauzo ya uani, kuuza vyombo vya nyumba visivyoingia kwenye trela. Wifi yake Twila, Maxine, dada mkubwa wa Leland, alikuja alfajiri na meza sita za kukunja na kiti chake mwenyewe, akakaa langoni kama ofisa wa ushuru. Maxine alikuwa mjane wa miaka sabini, mwenye sauti iliyosikika hadi kwa majirani wa barabara ya nyuma, na tangu harusi alimwona Twila kama mtu aliyeokolewa kwenye mnada kwa bei ya huruma.

"Wifi, haya masufuria uliyapikia jeshi?"

"Niliyapikia kaka yako."

"Ndiyo maana amekonda!" Maxine aliwacheka wateja, nao wakacheka. "Chukueni, jamani, chukueni. Kila kitu kiondoke leo. Wanakwenda kuishi kama wacheza sarakasi."

Twila alikuwa ameoka kolache, maandazi ya Kicheki ya jamu ya plamu na ya jibini, akaziweka mezani zikiwa moto ili watu wawe na moyo mwema. Walikula zote kufikia saa tatu asubuhi, kisha wakaomba kupunguziwa bei kwa vidole vyenye jamu. Mwanamke wa kanisani kwake, ambaye Twila alimpelekea chakula wiki mbili alipofanyiwa upasuaji, aligeuza bakuli la kioo chini juu akitafuta ufa, akalirudisha kwa kusonya. Twila aliingiza mikono mfukoni mwa aproni akaibana humo. Kwake uani palikuwa na baridi ya siku ile ya mnada wa baba yake, ingawa jua lilikuwa kali.

Alipoingia ndani kuleta chenji na kutoka tena, aliona wanaume wawili wakifunga kitanda cha Renae juu ya gari. Kile cha mbao, cha chumbani.

"Hicho hakiuzwi!"

"Nimeshauza," alisema Maxine bila kugeuka. "Leland amesema."

"Kina karatasi nyekundu. Nyekundu ni vya kubaki hadi Oktoba."

"Wifi yangu, kibaki wapi? Nyumba inakwenda Septemba. Utamlaza mwanao kwenye nyasi?" Kisha akapunguza sauti, na Maxine akipunguza sauti ndipo maneno yake yalipokuwa mabaya zaidi. "Mwache yule mtoto aanguke mahali ambapo hamtamsikia. Kaka yangu ana moyo mbovu. Umemchosha kwa huyo mtoto wako."

"Wangu peke yangu?"

"Upande wetu hatuna walevi."

Twila aliwatazama wanaume wale wakikaza kamba. Alijiambia kitanda cha trela kipo. Kipo, kina shuka, kina mlango. Kila usiku hadi Septemba alikwenda kwenye trela iliyoegeshwa kando ya nyumba akakishika, kama mtu anayehakikisha jiko limezimwa.

Tarehe ya kukabidhi nyumba ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Alhamisi ilikuwa siku ya kupima trela yote pamoja na pikapu ya kuivuta. Hapo hapakuwa na mizani ya bafuni. Ilibidi waende ghala la nafaka, kwenye mizani ya malori iliyo sawa na ardhi, ambapo gari zima linapanda likapimwa kama gunia. Leland alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu. Alivaa shati safi.

Twila alipotoka nje asubuhi aliona mpira wa maji umelala kwenye nyasi kando ya trela, na nyasi chini yake zilikuwa zimelowa. Hakukuwa na mvua wiki tatu. Alidhani mumewe ameosha magurudumu. Halafu akayatazama magurudumu, yalikuwa na vumbi. Akalitia hilo akilini.

Ilikuwa katikati ya mavuno. Nyuma yao kwenye foleni kulikuwa na malori saba ya mahindi na soya, injini zikiunguruma, na wenyewe walikuwa hawajalala vizuri wiki nzima. Mpimaji alikuwa Darin Sedlacek, kijana wa miaka thelathini na tano ambaye Twila alimpakulia viazi vya kuponda tangu darasa la kwanza hadi alipomaliza.

"Bi Twila! Mnatukimbia kweli?"

"Tunapimwa kwanza, Darin."

Trela ikapanda. Darin akasoma kwenye dirisha lake, akakuna shingo.

"Mmezidi, mzee Leland. Ratili mia tatu themanini."

Twila alimtazama mumewe. Mtu aliyehesabu uzito wa vijiko tangu Juni angepaswa kushtuka. Angepaswa kubishana na mizani, kutukana kiwanda, kudai ipimwe tena. Leland alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni, kama daktari.

"Nilijua," alisema. "Ni vile vitanda vya nyuma. Mbao, fremu, magodoro, na yale maboksi. Mia tatu na themanini kamili. Havina budi kutoka." Akatoa spana mfukoni mwa shati. Ilikuwa saizi ileile ya boliti za vitanda. "Dakika kumi tu. Darin, naomba tuviache hapa kwako, utavichoma kuni."

"Umekuja na spana," Twila alisema.

"Mwanamume hutembea na spana."

"Na shati la kanisani?"

Honi ikalia nyuma. Mtu akatoa kichwa dirishani: "Babu! Hapa ni mahali pa mahindi! Kapimieni huko mapajama yenu!"

Darin alitoka kibandani akazunguka trela, akaipigapiga ubavuni kama anavyopigwa ng'ombe. "Wengi hukosea kitu kimoja," alisema. "Hujaza maji nyumbani, halafu wanashangaa. Mmejaza tangi?"

Leland alikuwa anatazama spana.

Twila alipanda ndani. Juu ya sinki kulikuwa na kitufe, na Leland mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukibonyeza. Leland huyo huyo ndiye aliyemsomea kijitabu cha trela kwa sauti jioni tatu mfululizo, na jambo la kwanza katika kijitabu lilikuwa kusafiri na tangi tupu, maana kila kambi ina bomba na maji ni mazito kuliko fanicha. Akabonyeza. Taa nne zikawaka. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, galoni sitini. Hakuhitaji kalamu kujua ni zaidi ya ratili mia tano.

Alishuka. Alipiga magoti kwenye zege, na magoti yake hayakuwa mazuri, akaingiza mkono chini ya trela akaifungua koki.

Maji yakatoka. Yalitoka kwa mkondo mnene, yakatandaa juu ya mizani ya malori, yakafuata mteremko hadi kwenye viatu vya Leland. Honi zikaanza upya, mbili, tatu, kisha zote saba. Dereva mmoja alishuka kabisa.

"Ndiyo nini hii? Mama, umeamua kufua?"

"Subiri," Twila alisema.

"Nina soya ya watu wanne hapo!"

"Nawe nilikulisha, Kurt Vavra, na ulikuwa ukirudia mara mbili. Subiri."

Kurt Vavra alisubiri, mikono kiunoni. Ilichukua karibu robo saa. Katika robo saa hiyo viatu vya Leland vililowa akiwa amesimama, kwa kuwa kusogea kungekuwa kukiri. Tangi lilipokwisha Darin alirudi kibandani, na aliposoma aliwaangalia wote wawili kwa macho ya mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Mko chini ya kikomo," alisema. "Kwa ratili mia moja na ushei."

Walipofika njia panda ya kwanza, ndani ya pikapu, Twila alimgeukia.

"Ulikula kiapo."

"Niliapa kununua trela yenye vitanda. Nimeinunua."

"Usinichezee maneno kama mtoto."

"Basi nikuambie kama mtu mzima." Leland alishika usukani kwa mikono miwili. "Sitalala futi ishirini kutoka kwa mwizi. Kwenye nyumba nilifunga mlango kwa ufunguo. Humo ndani hata nikigeuka kitandani ananisikia. Nimestaafu, Twila. Sitaki kuhesabu tena pochi yangu kila asubuhi."

"Ni mwanao."

"Ni mwanangu, na ni mwizi. Hilo moja halijafuta lingine."

"Na ungemwambia lini? Siku anashuka na begi lake?"

"Ningesema mizani imekataa."

Twila aligeukia dirisha. Mashamba yalikuwa yamevunwa nusu, na mashine kubwa zilikuwa zikila safu baada ya safu. Alichokuwa akikifikiria hakikuwa uwongo. Uwongo wa Leland alikuwa ameuzoea, ulikuwa mdogo mdogo kama vipuri. Alikuwa akifikiria kwamba mumewe alikaa peke yake, akafanya hesabu nzuri, akatafuta uzito wa mtoto wao hadi ratili ya mwisho, akauongezea maji.

Ijumaa saa nne walikuwa ofisi ya hati za nyumba, mkabala na mahakama ya kaunti. Wanunuzi walikuwa mume na mke vijana kutoka Omaha, mke mwenye mimba kubwa, wamevalia vizuri kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Dalali, Bi Pauline, aliweka rundo la karatasi mbele ya kila mtu na kalamu ya buluu juu yake. Trela na pikapu vilikuwa nje vimeunganishwa, tayari kwa Lincoln kumngoja Renae, kisha Arizona kwenye jua. Maxine alikuja pia, bila kualikwa, eti kuwaaga.

Leland alisaini haraka, karatasi zote tisa. Akasukuma rundo kwa mkewe.

Twila hakuondoa kifuniko cha kalamu.

"Kadi ya trela ina jina la nani?" aliuliza.

"Langu. Unajua."

"Vuka barabara. Nenda pale mahakamani, dirisha la usajili wa magari, waandike langu."

Yule mke mjamzito alimtazama mumewe. Bi Pauline alicheka kicheko kifupi cha kazini. "Labda hilo mnaweza kulimaliza baadaye, wapendwa..."

"Baadaye sina mkono," Twila alisema. "Mkono wangu uko leo."

"Umerukwa na akili," Leland alisema.

"Inawezekana. Wenye akili hujaza tangi."

Maxine aliinuka kitini. "Wifi, unamwaibisha kaka yangu mbele ya watu! Watu wamefunga safari kutoka Omaha! Huyu mama ana mimba!"

"Namwona. Mungu amjalie. Naye atakuwa na mtoto, atajua."

"Kama nisipokwenda?" Leland aliuliza.

"Nitarudi nyumbani. Haina kitanda, haina kijiko, haina pazia. Nitalala sakafuni, na Renae atalala sakafuni pembeni yangu. Waliotoka Omaha watakushtaki wewe, maana wewe umeshasaini."

Hilo halikuwa kweli kabisa, na Bi Pauline alijua, lakini Bi Pauline alinyamaza. Leland aliitazama mikono ya mkewe. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amemwona akiosha sufuria safi. Hakuwahi kumwona amekaa mikono imetulia.

Alikwenda. Alikaa dakika arobaini. Wanunuzi walikunywa maji ya chupa, Maxine alimtazama Twila kama anayetazama nyoka kwenye kreti ya mayai, na Twila alitazama saa ya ukutani. Leland aliporudi aliitupa kadi mezani, ikateleza hadi mapajani mwa mkewe. Twila aliisoma mara mbili, kila herufi ya jina lake. Akasaini mara tisa.

Nje Leland hakupanda kwenye pikapu. Alizunguka nyuma, akashusha miguu ya chuma ya trela, akachomoa nyaya, akafungua minyororo, akaitenga na pikapu. Kwa mtu aliyesemewa na dada yake kuwa ana moyo mbovu, alifanya kazi kwa haraka sana.

"Nyumba yako hiyo," alisema. "Ivute."

Pikapu ilikuwa kwa jina la Leland. Gari dogo la Twila walikuwa wameliuza Julai, kwa kuwa Leland alisema moja linatosha. Maxine alipanda mbele akashusha kioo. "Kuna chumba chini kwangu, kina televisheni," alimwambia kaka yake kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Wakaondoka. Twila alibaki katika maegesho ya ofisi ya hati, na nyumba isiyo na injini, na watu wa Omaha wakitoka na funguo za Barabara ya Tatu wakimpisha mbali.

Bi Pauline alimpa hadi saa kumi na moja kuondoa kitu hicho. Darin Sedlacek, ambaye Twila alimpigia simu, alikuja saa kumi na moja kasoro, vumbi la mahindi kwenye kope, akaivuta hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo wa kaunti, ambako kuna nguzo za umeme na bomba kwa watu wa maonyesho, na baada ya maonyesho hapana mtu. Hakuuliza kitu. Aliporudi kwenye gari lake alisema tu, "Bi Twila, bomba hapa hulifunga tarehe mosi Novemba. Baridi inapasua mabomba."

"Nimesikia."

Wiki mbili alikaa pale peke yake katikati ya mabanda matupu ya ng'ombe. Mchungaji alikuja kumwomba arudiane na mumewe. Alimpa kahawa, akamsindikiza. Wanawake wa kanisani hawakuja. Leland alipita mara tatu kwa pikapu, polepole, kwenye barabara ya nje ya uzio, bila kusimama. Mara ya nne alituma ujumbe wa simu: *Maji yanafungwa tarehe moja. Utahitaji kuvutwa. Nikija nitakuja kwa ajili yako tu.* Twila aliusoma, akauacha bila kuujibu. Kisha alimpigia simu mama mshauri wa kituo, akamtajia anwani: uwanja wa maonyesho, nguzo namba tisa.

"Hiyo ni anwani ya aina gani, mama?"

"Ina mlango na kitanda. Njooni mkague."

Walikuja, wakakagua. Mshauri aliingia akainama, akafungua kabati, akanusa chupa ya dawa ya kusafishia, akakaa kwenye kitanda cha chini. Aliandika kwa muda mrefu. Alipotoka alisema, "Inatosha. Kwa sasa," na Twila alilisikia neno la kwanza akayaacha mengine kando.

Tarehe kumi na nne gari la kituo lilimshusha Renae saa nane mchana. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele alikuwa amezikata mwenyewe, vibaya. Alisimama akitazama mabanda, nguzo, ile trela chafu yenye alama za tope la Kearney ubavuni.

"Baba yuko wapi?"

"Kwa shangazi yako."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yake. Ingia, upepo unaingia ndani."

Renae aliingia. Twila alikuwa ameshahamisha pochi yake asubuhi, akaiweka ndani ya boksi la unga, na hakujionea aibu. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Angemlisha, angemlaza, na angehesabu.

"Umemkosa baba kwa ajili ya hiki?" Renae alikuwa amesimama mbele ya vitanda vya ghorofa. Sauti yake ilikuwa na makali, yaleyale ya zamani, na Twila alishindwa kujua kama ni makali ya ugonjwa au ya binti tu. "Mama, hiki ni cha mtoto wa miaka tisa."

"Jaribu."

"Nilikwambia uniombee hosteli."

"Nilikusikia. Jaribu."

Renae alijitupa kitandani na viatu vyake, akajinyoosha kwa makusudi hadi visigino vikatoka nje ya fremu na kugonga mlango wa kabati.

"Ona. Kifupi."

"Vua viatu," Twila alisema. "Kunja miguu."